Tochi ya Mkulima Ichaguliwe kwa Betri Yake



Siku hizi hakuna duka, hata lile dogo kabisa kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, lisilouza tochi. Zimetundikwa mlangoni, nyekundu, njano na nyeusi, nyingine ndogo kama kidole na nyingine kubwa kama chupa ya maziwa. Bei yake ni nafuu, na mwenye duka akibonyeza, hutoka mwanga mweupe unaoumiza macho. Mkulima hutoa pesa zake akaenda nyumbani akifurahi. Baada ya miezi michache ile tochi iko juu ya kabati, imekufa, na watoto wanaichezea. Nataka tuzungumze juu ya jambo hili mwezi huu, maana pesa za maziwa humalizwa na vitu vidogo vidogo kama hivi, wala si na ng'ombe wa kununua.

Kwanza tukumbuke tochi ni ya kazi gani. Huku Buyangu tunakaa ukingoni mwa msitu wa Kakamega, karibu na mto Isiukhu, na msitu huu una swila na nyoka wengine wenye sumu kali, ambao baadhi yao hutembea usiku. Nanyi mlioko Lugari na Lumakanda, katika mashamba yaliyogawanywa kwa Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962, nyumba zenu ziko mbalimbali, na kutoka mlangoni hadi zizini au chooni ni mwendo. Tena ng'ombe hazai kwa saa za ofisi. Ndama akikwama saa nane za usiku, mwenye mwanga mzuri huona miguu imekaaje, na asiye na mwanga hukisia. Yule anayekamua saa kumi na moja alfajiri anataka kuona kama maziwa ya kwanza yana mabonge ya ugonjwa wa kiwele. Basi tochi ni chombo cha kazi kama jembe na panga, nayo yafaa inunuliwe kwa akili ile ile.

Watu wengi huchagua tochi kwa ukali wa mwanga wake dukani. Hapo ndipo wanapopotea. Taa yenyewe siku hizi si tatizo kubwa. Zamani balbu ilikuwa na uzi ndani yake, nayo ilikula betri upesi na kukatika ikianguka. Siku hizi karibu tochi zote zina taa ya LED, isiyo na uzi wa kukatika na inayotumia umeme kidogo sana. Wataalamu watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014 kwa sababu ya kutengeneza LED ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha kupatikana kwa taa hizi nyeupe. Kinachokufa mara nyingi ni betri, au swichi, au waya mwembamba uliounganishwa vibaya. Ripoti moja iliyotolewa mwaka 2010 juu ya tochi za LED hapa Kenya ilionyesha kwamba walio wengi kati ya wenye tochi waliohojiwa walikuwa wamesumbuliwa nazo katika muda wa miezi sita tu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye duka ni hili: betri yake ni ya namna gani, na je, naweza kuitoa nikatia nyingine? Akijibu kwamba haitoki, jua kwamba unanunua tochi ambayo umri wake ni umri wa betri yake. Mimi kwa maoni yangu, mkulima asinunue tochi ya mkononi ambayo betri yake imefungiwa ndani, isipokuwa amepewa hati ya kurudisha, yenye tarehe na muhuri wa duka.

Sasa tuzitazame betri zenyewe. Ya kwanza ni mawe ya tochi, yaani betri kavu tulizozizoea tangu utotoni. Kiwanda cha Nakuru kilichoanzishwa mwaka 1967 kilizitengeneza kwa miaka mingi, mpaka kilipofungwa mwaka 2014, na sasa zinazouzwa hutoka nchi za nje. Jiwe la kawaida lina kopo la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa jiwe linapotoa umeme. Ndiyo maana jiwe lililochoka hutoboka na kutoa maji yanayokula chuma cha tochi. Kuanika mawe juani huongeza nguvu kidogo kwa muda mfupi, hilo ni kweli, lakini hakurudishi zinki iliyokwisha kuliwa, tena huharakisha kuvuja. Kuyauma kwa meno ni hatari, msiwaruhusu watoto. Wala usichanganye jiwe jipya na la zamani: lile jipya hulisukuma lile bovu mpaka livuje, nawe hupoteza yote mawili pamoja na tochi.

Betri ya pili ni ile ya risasi yenye tindikali, ambayo imo ndani ya tochi nyingi kubwa za kuchaji, zile zenye mshikio na plagi ya kuchomoza. Ukiishika utaona ni nzito kwa chini. Hii ni betri ya ukoo mmoja na ile ya gari, na tabia yake ni moja: haivumilii njaa. Ukiimaliza usiku ukaiacha wiki mbili bila kuichaji, hufanyika chumvi ngumu juu ya vibao vya risasi, na baadaye hata ukichaji siku nzima haishiki. Nayo huweza kufa hivyo hivyo juu ya rafu ya duka kabla hujaiona. Mwenye tochi ya namna hii aichaji kila baada ya kuitumia, hata kama aliwasha dakika kumi tu, na asiyeitumia aichaji walau mara moja kwa mwezi. Asiye na umeme nyumbani asiinunue kabisa.

Ya tatu ni betri ya nikeli, yenye umbo sawa na jiwe la kawaida, dogo au kubwa. Juu yake imeandikwa volti 1.2, ambapo jiwe kavu ni volti 1.5, na wengine wakiona hivyo husema ni dhaifu. Si dhaifu. Jiwe kavu huanza na 1.5 likashuka siku hadi siku, lakini hii hukaa karibu na 1.2 mpaka inapokaribia kwisha. Huweza kuchajiwa mamia ya mara. Zipo zinazopoteza umeme zikikaa tu, na zipo zinazouhifadhi hata mwaka mmoja sehemu iliyo kubwa ikiwa bado imo. Tafuta hizi za pili, ambazo kwa kawaida hutoka kiwandani zimeshachajiwa, na paketi husema hivyo. Jihadhari na zile kubwa. Nyingine ndani yake ni betri ndogo iliyovishwa koti kubwa. Ipime kwa mkono: betri kubwa iliyo nyepesi haina kitu tumboni.

Ya nne ni lithiamu, nayo ndiyo yenye nguvu nyingi kwa uzito wake. Iliyo mashuhuri huitwa 18650, maana unene wake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Hapa ndipo uongo ulipozidi. Kila betri huandikwa kiasi cha umeme inachobeba, kwa herufi mAh. Betri njema za ukubwa huu hubeba kama 3,000 hadi 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, usiulize bei, irudishe rafuni. Anayedanganya kwa maandishi atadanganya na kwa kilichomo. Uzito pia husema kweli: betri halisi ya namna hii ni kama gramu 45 hadi 50, na za bandia mara nyingi huwa nyepesi zaidi. Kuna lithiamu nyingine yenye fosfeti ya chuma, ya volti 3.2, inayobeba kidogo kuliko hiyo lakini inavumilia joto na hudumu miaka mingi. Taa nzuri za jua nyingi huitumia. Chaja za hizi mbili si moja, usizibadilishane. Wala usichaji lithiamu juu ya godoro au karibu na nyasi kavu watu wakiwa wamelala.

Je, kila mtu aache mawe ahamie kwenye za kuchaji? Sikubaliani na wanaosema hivyo. Fanya hesabu kwa bei za duka lako. Tuseme jozi ya mawe ni shilingi 120, nawe huwasha sana, hata jozi moja inakutosha wiki tatu tu. Kwa mwaka utanunua jozi 17 au zaidi, yaani kama shilingi 2,000, na kwa miaka mitatu shilingi 6,000 na kitu. Tuseme betri mbili za nikeli pamoja na chaja ni shilingi 1,800, nawe unalipa shilingi 20 kuzichaji sokoni kila wiki mbili. Kwa miaka mitatu yote hayo ni shilingi 3,360. Umeokoa karibu nusu. Lakini jirani yako anayewasha dakika kumi kwa siku, ambaye jozi moja humkalisha miezi minne, hutumia shilingi 360 kwa mwaka, na 1,080 kwa miaka mitatu. Huyo abaki na mawe yake, ila ayatoe kwenye tochi kama hataitumia muda mrefu.

Juu ya mwanga nitasema maneno machache. Hupimwa kwa lumeni. Koroboi hutoa kama lumeni 10 au pungufu. Kwa kutembea njiani na kutazama zizi, lumeni 50 zatosha, na tochi yenye ngazi mbili za mwanga, mdogo na mkubwa, hukutunzia betri. Zile zenye kuandikwa makumi ya maelfu ya lumeni ni nduguze zile betri za 9,900. Kwa mvua za huku kwetu, tazama kama kuna alama IPX4, maana yake inastahimili marashamarasha kutoka pande zote. IPX7 huweza kuzamishwa majini mita moja kwa nusu saa. Simu yenye tochi, ile tuliyoiita mulika mwizi tangu Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003, ni msaada mzuri, lakini kumulikia ng'ombe anayezaa kwa simu ni kuitafutia simu kinyesi, tena betri ikiisha hutaweza kumpigia daktari wa mifugo.

Bidhaa iliyo na alama ya Shirika la Viwango la Kenya ina nambari ya kibali. Andika SM# ikifuatwa na nambari hiyo, upeleke kwa simu kwenda 20023, nawe utajibiwa kama kibali ni cha kweli. Kwa taa za jua, uliza kama imepimwa na VeraSol, mpango uliochukua mahali pa ule wa kupima ubora wa Lighting Global mwaka 2020. Taa ya jua ambayo kibao chake kimetengana na taa kwa waya ni bora kuliko ile iliyoshikamana, kwa sababu unaweza kuweka kibao juani na taa kivulini. Kuiacha taa nzima juu ya mabati mchana kutwa ni kuipika betri.

Kuna jambo jingine, na najua baadhi ya mabwana hawatalipenda. Katika maboma mengi tochi ni moja, nayo hutembea na baba. Akienda mkutanoni au akichelewa sokoni, tochi imekwenda naye. Anayebaki ni mama, ambaye ndiye mwenye kukamua kabla ya mapambazuko, mwenye kumpeleka mtoto chooni usiku, na mwenye kuchota kuni gizani nyuma ya jiko, mahali nyoka apendapo kulala. Mimi nasema, kama pesa zatosha tochi moja tu, ining'inizwe kwenye msumari karibu na mlango wa jiko, na baba atumie simu yake. Zikitosha mbili, ile nzuri iwe ya nyumbani.

Vyama vya ushirika navyo vingeweza kusaidia. Chama kinachonunua mbolea pamoja kinashindwa nini kununua tochi pamoja? Wanachama wakichagua namna moja yenye betri ya kutoka, chama kikaweka betri za akiba na chaja moja ya jua ofisini, kila mtu hubadilisha betri siku ya kupeleka maziwa. Na muuzaji anayeuzia watu 200 kwa mara moja huogopa kuleta takataka, kwa kuwa zitarudishwa zote kwa siku moja. Jambo hili lizungumzwe kabla ya mvua za masika, wakati usiku una giza na njia zina matope.

Mwisho ni betri zilizokufa. Zamani walimu wengine walipasua mawe ya tochi wakachanganya ule unga mweusi kupaka ubao wa darasa. Unga huo una manganizi, na vumbi lake likivutwa hudhuru mwili, basi msiwape watoto kazi hiyo. Usizitupe chooni wala shambani. Zile za risasi ndizo mbaya zaidi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwadhuru wakazi kwa risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri ya risasi iliyokufa, iuze ikiwa nzima kwa fundi wa betri za magari anayezirudisha kwa muuzaji wake, wala usimpe kijana wa vyuma vikuukuu aipasue kwa shoka uani kwako. Mawe na betri ndogo ziweke katika mkebe wenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na watoto, mpaka upate njia ya kuzipeleka kwa wanaokusanya vyombo vya umeme vilivyoharibika.