MACHO MATATU MKONONI, CHEMBA PROGRAMU INAGANDA!

Kuna mtengeneza programu mmoja, jina kapuni, anatamba mjini Dodoma na iPhone ya macho matatu. Picha za kwenye kioo kila siku. Sawa, hela yake. Ila anajitangaza kwamba anawatengenezea wakulima wa alizeti wa Chemba, na hapo ndipo usanii unapoanza.

Kwa Mtoro au Farkwa wangapi wana iPhone? Huko ni Tecno, itel na Infinix, RAM GB 2, memori imejaa video za WhatsApp. Mkulima anajiunga bando la jero aangalie bei, programu inaganda, bando linakata, dalali anamtajia bei anayotaka yeye.

Android unaingia kwenye mipangilio, unagonga nambari ya muundo mara 7, unachomeka waya, unaona kosa liko wapi. iPhone inadai kompyuta ya Mac, halafu dola 99 kila mwaka kuingia App Store. Play Store dola 25, mara moja, basi!

Atajitetea kwamba anajaribia kwenye kompyuta. Kompyuta ya GB 16 itajuaje mtandao wa kuvizia juu ya kichuguu?

Auze hata jicho moja tu. Itel anapata, na chenji inabaki.