Basi Likiondoka, Mbwa Anabaki

Jamani, tuseme ukweli. Familia ikipata safari ya kuhamia ng'ambo, tunalia, tunapiga picha, tunagawana masufuria. Mbwa hakuna anayemchukua. Analala mlangoni siku mbili tatu, halafu anahamia jalalani.

Hapa Nakivale tunapenda watoto wa mbwa wakiwa wadogo. Lakini mbwa jike anabeba mimba miezi miwili tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wawili tunawagawa, wengine tunawatupa. Baadaye tunalalamika mbwa wamezidi, tunawapiga mawe.

Mawe hayazuii kichaa cha mbwa. Mtoto aking'atwa na dalili za ugonjwa zikaanza, karibu hakuna anayepona. Tuoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, tumkimbize kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwenye mbwa, mchanjishe, na ukisafiri mkabidhi mtu. Ndugu zetu wa mashirika, mkileta chanjo ya mbwa, leteni pia daktari wa kuwahasi. Sisi vijana tutapita nyumba kwa nyumba kuandikisha. Kazi hiyo tunaiweza.