Mtaji wa Kijana si Sherehe

Kila linapotajwa jina la Ashish Thakkar, wengi hukumbuka jambo moja tu: aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akatajirika. Kumbukumbu hiyo ni fupi mno, na kwa vijana wetu wa Unguja na Pemba ni ya hatari. Yafaa tuitazame safari yake yote, kwani ina mafunzo kwa kijana na, zaidi ya hapo, kwa ofisi zilizokabidhiwa kazi ya kumsaidia.

Thakkar alizaliwa Uingereza mwaka 1981, katika familia ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka 1993 wazazi wake walirejea Afrika na kufanya biashara Rwanda. Mwaka uliofuata mauaji ya kimbari yaliwapotezea mali yote, wakaishia Uganda. Huko, mwaka 1996, kijana huyo alikopa dola 5,000, akaanza kuuza vifaa vya kompyuta mjini Kampala. Mwisho wa wiki alipanda ndege kwenda Dubai, akajaza sanduku, akarudi kuuza, kisha akaenda tena.

Hapana muujiza katika hayo. Safari ya Dubai si ngeni kwa wafanyabiashara wa Darajani. Yaliyomfaa ni mambo matatu: wazazi walioijua biashara, mkopo mdogo uliozungushwa haraka, na soko alilolifahamu. Alipoona wafanyabiashara wengine wa Kiafrika wakifuata Dubai bidhaa zile zile, alifungua ofisi huko ili awauzie. Hivyo biashara moja ikazaa nyingine.

Baadaye mambo yakawa makubwa. Mwaka 2013, yeye na Bob Diamond, aliyepata kuwa mkuu wa benki ya Barclays, walianzisha Atlas Mara, iliyokusanya dola milioni 325 London ili kununua mabenki barani Afrika. Lakini kufikia mwaka 2021 mabenki hayo yalikuwa yakiuzwa, na ile ya Rwanda ikachukuliwa na KCB ya Kenya. Oktoba 2019 viwanda viwili vya simu za Mara vilifunguliwa, kimoja Kigali na kingine Durban, mbele ya marais wa nchi hizo. Mwaka 2022 mitambo ya Durban ilikuwa mnadani.

Hatuyasemi haya kwa kumcheka mtu. Kiwanda ni jambo la heshima, na anayejaribu huweza kuanguka. Tunalosema ni kwamba dola 5,000 zilizozunguka zilijenga msingi ambao hotuba za uzinduzi hazikuweza kuujenga. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa hiyo, maofisa wetu wasihesabu mafanikio kwa idadi ya vijana waliokabidhiwa hundi mbele ya wapiga picha. Wahesabu waliorejesha mkopo, na ambao biashara zao zingali wazi baada ya miaka mitatu. Aliyerejesha shilingi laki tano apewe milioni moja bila kuzungushwa ofisini mwezi mzima. Kijana naye asiiache shule kwa sababu ya hadithi aliyoisikia nusu. Thakkar hakuinuliwa na kuacha shule. Aliinuliwa na hesabu, na hesabu hufundishwa darasani pia.