Msonge Hauna Ukuta

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni miongoni mwa hazina zetu za kale, wala sina ugomvi nayo. Hata hivyo, ni methali ya watu wanaoishi ndani ya kuta. Ipeleke Karagwe au Kyerwa, usimame nayo mbele ya msonge wa Kinyambo, nawe utautafuta ufa wa kuziba na ukuta wa kujenga usivione. Msonge ni paa lililoanza kileleni likashuka mpaka likagusa ardhi. Palipovuja hapapakwi udongo, bali huchomekwa nyasi.

Ninaianza hoja yangu na methali hii kwa sababu tunapozungumza juu ya majengo ya kale ya kulindwa, fikra zetu nazo zimejengwa kwa mawe. Tunaitaja Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingizwa mwaka 2000, na Lamu iliyofuata mwaka 2001. Zote zinastahili heshima hiyo. Lakini mkulima wa bara aliyejenga kwa miti, matete na nyasi katikati ya migomba yake naye alikuwa msanifu, na kazi yake inatoweka bila hata kuandikiwa tanzia.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua kuwa ni la kale jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa jengo la mawe, kipimo hicho kina maana. Kwa msonge ni kitendawili. Mwishoni mwa mwaka 1861 Speke na Grant waliingia Karagwe wakapokewa na Omukama Rumanyika, ambaye makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Nyumba za nyasi za ikulu ile zilikuwa zimekwisha kusimama kabla ya mwaka uliowekwa na sheria, kwa hiyo zingekuwa na haki kamili ya kulindwa. Leo haupo unyasi hata mmoja wa kulinda. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya mfalme, wakiwemo ng'ombe wa shaba. Baadhi ya vitu vya chuma vya Karagwe vingali katika makumbusho hadi leo. Chuma kimesalia, nyumba iliyokihifadhi imekwenda. Ni kweli kwamba Waziri anayo mamlaka ya kutangaza ulinzi wa mahali pasipofikia umri huo, lakini hata tangazo haliwezi kuuzuia unyasi usioze.

Je, tuseme basi kwamba msonge hauna ukale? La, hasha. Ukale wa msonge haumo katika unyasi, umo katika mkono unaouezeka. Nyasi hubadilishwa kila baada ya miaka michache, nguzo iliyoliwa hung'olewa ikatiwa nyingine, na nyumba ikabaki ile ile, kama wimbo unavyobaki ule ule ingawa waimbaji wamebadilika. Kazi yenyewe inakaribiana zaidi na ususi wa kikapu kuliko na uashi. Fito na matete hukunjwa na kufungwa kwa kamba katika duara zinazopanuka kutoka kileleni, nguzo za ndani zikabeba uzito, kisha nyasi zikapangwa kuanzia chini kwenda juu ili kila safu iifunike iliyotangulia na maji yateleze.

Nyumba hiyo haitenganishwi na shamba. Husimama ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, na shambani humo hupatikana kamba za migomba na nguzo za mishambya. Nyasi hutoka rweya, mbuga ya wazi inayoanzia pale kibanja kinapoishia. Usiku mbuzi na ndama walilala chini ya paa moja na wenyewe, na samadi yao ikarudi migombani. Ukiondoa rweya hakuna paa, na ukiondoa mifugo kibanja hudhoofu. Ndiyo maana nasema msonge ni jengo la shamba kwa maana kamili ya neno hilo.

Hapa ndipo washairi na wapenzi wa lugha wanapohusika. Lugha yetu ya Kiswahili imeijaalia nyumba ya pwani msamiati wa kutosha: kombamoyo, boriti, mtambaapanya, kiambaza, kizingiti. Ukiugeukia msonge, kamusi inakupa jina la nyumba nzima, kisha inanyamaza. Duara za fito, mafundo ya kamba, baraza dogo la mlangoni, sehemu za ndani za kulala na za mifugo, vyote vinataka kuelezwa kwa sentensi nzima, ilhali fundi aliyelelewa humo huvitaja kwa neno moja moja. Fundi huyo sasa ni mzee. Wajukuu wake wanakijua Kiswahili cha shule, na Kinyambo chao ni cha sokoni na cha salamu.

Maneno hayo yana uzito kuliko tunavyodhani. Katika lugha za ukanda wetu wa maziwa makuu, kuanzia Kinyambo hadi Kinyarwanda, neno la mlango, omuryango au umuryango, hutaja pia watu wa damu moja. Na huko pwani, mbali kabisa na migomba yetu, wazee husema mlango wakikusudia tawi la ukoo. Nyumba ya mawe na nyumba ya nyasi zimefikia wazo moja, kwamba mlango si mahali pa kupitia tu, bali pia ni watu wanaotokea hapo. Undugu wa namna hii hauonekani mpaka maneno ya pande zote mbili yawe mezani.

Najua jibu la wengi: watu wameukimbia msonge kwa sababu, na wana haki. Paa la nyasi huwaka kwa cheche moja. Moshi huumiza macho na vifua. Bati hukinga maji ya mvua yakaingia pipani, na mama akapumzika safari ya bondeni. Simwombi mtu yeyote arudi kulala kwenye moshi. Lakini moshi huo huo ndio uliokuwa dawa ya paa, ukikausha nyasi na kufukuza wadudu. Msonge usiowashwa moto huoza upesi. Kwa hiyo kujenga mmoja wa maonyesho, kuufunga kufuli na kuubandika kibao, ni kuuzika ukiwa umesimama. Makumbusho ya Kijiji kule Dar es Salaam yamefanya jambo jema kuiweka nyumba ya aina hii miongoni mwa nyumba za makabila yetu, lakini Kijitonyama hakuna rweya.

Majirani zetu wa Uganda wametufunza jambo. Jumba la makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, la miti na nyasi, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 liliteketea. Katika Buganda kazi ya kuezeka jumba hilo ni dhamana ya ukoo wa Ngeye, na ujuzi huo haukuungua pamoja na nyasi. Jumba limeinuliwa tena, na mwaka 2023 likaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nasi tujiulize: msonge wa mwisho wa Kyerwa ukiungua usiku wa leo, kesho asubuhi tutamwita nani?

Ninayopendekeza si makubwa. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zichague kila moja mahali pa msonge mmoja, penye kibanja na nyasi karibu, uwashwe moto na uezuliwe na kuezekwa hadharani kila unapochakaa, wazee wakiongoza na vijana wakifunga fito. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu wakae hapo na daftari, waandike kila neno kama fundi anavyolitamka. Baraza la Kiswahili la Taifa liyapokee maneno yanayofaa, kama Kiswahili kilivyopokea mengi kutoka ng'ambo bila kuona haya. Nasi watunzi tuyatumie, maana neno la kamusini lisilotungiwa ni sawa na msonge usiowashwa moto.

Kwa kuwa baraza hili ni la washairi, naacha ubeti mmoja, mwenye kujibu na ajibu:

Nyumba ikiezuliwa, hubaki yake maneno,
Nguzo nazo zikiliwa, na mchwa kwenye mavuno,
Kama jina lajuliwa, hurejea kwa mikono,
Neno lisipotumiwa, hapana tena mfano.