Mayatima wa Freetown wamo mikononi mwa nani?

Mjini Freetown, Sierra Leone, mapadri Wasalesiani wana kituo kiitwacho Don Bosco Fambul. Fambul kwa Kikrio ni familia. Hupokea watoto wa mitaani, na Ebola ilipoingia mwaka 2014 walipokea pia mayatima, wakati ambapo hata jamaa wengine waliogopa kuwagusa. Nchi ile wengi wao ni Waislamu, basi msishangae kukuta humo akina Muhammad na Fatmata.

Wapo wanaokimbilia kulaani. Hofu ya mtoto kupotezewa dini yake ni ya haki. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 20, unataka dini ya mtoto izingatiwe, na umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina. Lakini kafala inataka mtu wa kuibeba: chumba, chakula, ada ya skuli. Mtoto anayelala sokoni na njaa hamchagui padri, huingia palipo wazi.

Huku visiwani tuna zaka, tuna wakfu. Msikiti wenu una orodha ya mayatima wa mtaa? Wetu, tulipouliza baada ya Ijumaa, hauna.