Acheni Tupange Sheli Zetu

Wapo wahadhiri wanaotukataza kugusa faili la .bashrc. Hoja yao ni kwamba mwanafunzi aijue Linux ilivyo, asije akapotea mbele ya kompyuta ya watu. Napinga.

Bash, sheli (si ile ya petroli) inayopokea amri zetu, ilitolewa na Brian Fox mwaka 1989. Kwa kawaida huhifadhi orodha ya amri kwenye diski pale tu unapoifunga. Umeme ukikatika ghafla, amri za asubuhi nzima zimepotea. Hapa Kamukuzi umeme hukatika; kule Nakivale, wenzetu wanaotegemea sola hufiwa na betri bila kuagwa. Mstari mmoja, PROMPT_COMMAND='history -a', huhifadhi kila amri mara inapokamilika. Huo nao ni urembo?

Wengine wanazicheka lakabu za Kiswahili, kama alias nakili='cp -i'. Lakini aliyesoma kwa Kifaransa Kongo, kisha kwa Kiingereza Uganda, hapo hupata neno lake, na ile -i humwuliza kabla ya kufunika faili la zamani. Hofu ya kupotea haina msingi: cp iko palepale, na hati za bash hazifuati lakabu zisipoamriwa. Tena .bashrc ni ya mtumiaji mmoja, haimgusi jirani.

Waalimu wetu, badala ya kukataza, tutahinini: kila mmoja aeleze .bashrc yake mstari kwa mstari. Atakayenakili asichokielewa ataumbuka. Atakayeeleza, huyo ndiye anayeijua Linux.