Chemsha Bongo: Neno Ambalo Mwongo Hawezi Kulisema



Juma lililopita tuliwaachia fumbo la watu watatu waliopanda gari pale Kitale kwenda Bungoma, tukawaomba mlifungue kabla ya kulipata gazeti hili. Yamkini wengi wenu mmekwisha kulifungua. Wale walioshindwa wasione haya, kwa kuwa fumbo la namna hii humshinda mtu kwa haraka zake mwenyewe kuliko kwa ugumu wake. Juma hili twataka kulifungua hatua kwa hatua, kisha tuonyeshe faida yake. Maana wako watu wadhanio ya kuwa mafumbo haya ni mchezo wa watoto wa shule tu. Mkulima anunuaye mbegu dukani, na karani aandikaye maneno ya mashahidi wawili wasiopatana, wote wawili wamo ndani ya fumbo hili hili, wapende wasipende.

Kwanza tukumbushane sheria ya mchezo. Katika mafumbo haya watu ni wa namna mbili tu. Wako wasema kweli, ambao hawasemi ila kweli siku zote. Na wako waongo, ambao hawasemi ila uwongo siku zote. Kwa sura, kwa mavazi na kwa upole wa sauti hawatambulikani. Hatuna kitu cha kuwapambanulia ila maneno yao wenyewe.

Sasa turudi kwa abiria wetu. Msafiri mmoja aliyeketi nyuma yao alimwuliza wa kwanza, "Ndugu, wewe ni mtu wa namna gani?" Yule alijibu, lakini gari lilikuwa likipanda kilima, na kwa mngurumo wa injini jibu lake halikusikika. Wa pili akageuka, akasema, "Amesema ya kwamba yeye ni mwongo." Hapo wa tatu akadakia, "Usimsadiki huyo, asema uwongo." Tuliwauliza: katika hao watatu, ni nani msema kweli na ni nani mwongo?

Wengi huanza kwa kumtafuta wa kwanza, wakidhani kwamba jibu lake lililopotea ndilo ufunguo. Kumbe jibu lile twaweza kulijua pasipo kulisikia. Fikirini: msema kweli akiulizwa yeye ni nani, atasema, "Mimi ni msema kweli," na hiyo ni kweli. Mwongo naye akiulizwa, hawezi kusema, "Mimi ni mwongo," kwa sababu hapo atakuwa amesema kweli, na kusema kweli kwake ni mwiko. Kwa hiyo naye atasema, "Mimi ni msema kweli." Basi yeyote yule awaye, wa kwanza alisema, "Mimi ni msema kweli." Wa pili aliposema kwamba amemsikia akijiita mwongo, alisingizia jambo lisiloweza kutokea. Huyo ni mwongo. Wa tatu, aliyemkanusha, ni msema kweli. Na wa kwanza je? Wa kwanza hatumjui, na hatuwezi kumjua, kwa sababu neno lake lilikuwa neno ambalo kila mtu angalilisema.

Tafadhali lishikeni neno hili la mwisho, maana ndilo somo letu lote la leo: neno ambalo msema kweli na mwongo wote wawili waweza kulisema halina uzito hata chembe. Mwenye busara hutafuta neno ambalo mmoja wao tu aweza kulisema.

Fumbo la namna hii si la jana. Mwaka 1931 mwanafalsafa wa Marekani, Nelson Goodman, alilichapisha fumbo la wasema kweli na waongo katika gazeti moja la mji wa Boston, bila kutia jina lake. Baadaye mwanahisabati Raymond Smullyan, aliyezaliwa mwaka 1919 akafariki mwaka 2017, alibuni mafumbo mengi juu ya kisiwa kikaliwacho na watu wa namna hizo mbili, na kitabu chake cha mwaka 1978 kiliyaeneza duniani. Lakini hata wazee wetu walizoea kunoa akili za vijana jioni kwa vitendawili, na hadithi za Abunuwasi zimejaa watu walionaswa kwa maneno yao wenyewe. Kazi ni ile ile, ya kuyapima maneno kabla ya kuyasadiki.

Sasa tazameni fumbo la njia panda, ambalo ni mashuhuri kuliko yote. Tuseme mtu ametoka Kitale kwa miguu, amepita Kiminini, naye aenda Bungoma asikokujua. Amefika mahali penye njia mbili. (Njia panda hii ni ya kubuni, asiende mtu kuitafuta.) Njia moja yafika Bungoma, na ya pili yaishia kinamasini. Hapo wameketi wazee wawili, ndugu wa baba mmoja, mmoja msema kweli na mmoja mwongo, nao wajuana vizuri. Mgeni haruhusiwi kuuliza ila swali moja, kwa mmoja wao tu, naye hajui yupi ni yupi. Aulize nini?

Akisema, "Mzee, je, wewe ni msema kweli?" amekwisha kulipoteza swali lake, kama tulivyokwisha kuona. Akisema, "Mzee, njia ya Bungoma ni ipi?" atajibiwa, lakini hatajua kama amejibiwa kweli. Mwenye akili atasema hivi: "Mulembe, mzee. Kama ningalimwuliza ndugu yako njia ya Bungoma, angalinionyesha ipi?" Kisha ataishika njia ile nyingine.

Tupime. Tuseme njia ya kweli ni ya kulia. Kama aliyeulizwa ni msema kweli, yeye ajua kwamba ndugu yake mwongo angaliionyesha ya kushoto, naye kwa uaminifu atasema, "Angalikuonyesha ya kushoto." Kama aliyeulizwa ni mwongo, yeye ajua kwamba ndugu yake angaliionyesha ya kulia, lakini kwa kuwa hawezi kusema kweli, atasema, "Angalikuonyesha ya kushoto." Wote wawili wamesema kushoto. Mgeni ataenda kulia, naye atafika.

Siri yake ni nini? Swali lile limelipitisha jibu katika vinywa viwili, cha msema kweli na cha mwongo. Kwa hiyo, aulizwe huyu au yule, uwongo umeingia mara moja tu, wala haukuzidi wala haukupungua. Ni kama kanzu iliyogeuzwa ndani nje: ukijua kwa hakika kwamba imegeuzwa mara moja, waigeuza tena, ukaivaa sawasawa. Angalieni basi kwamba mgeni huyu amefika Bungoma pasipo kujua hata dakika moja ni nani aliyekuwa mwongo. Hakuwa na haja ya kujua. Mara nyingi sisi hupoteza siku nzima tukibishana juu ya tabia za watu, na huku tulilolihitaji lilikuwa njia tu.

Kuna kosa jingine ambalo mafumbo haya hulisahihisha. Wale waisomao Biblia wanaukumbuka Waraka kwa Tito, ambamo Mtume Paulo amtaja mtu wa Krete aliyesema ya kwamba watu wa Krete ni waongo siku zote. Wenye elimu humwita mtu huyo Epimenide. Basi ikiwa neno lake ni kweli, naye ni Mkrete, yeye mwenyewe ni mwongo, na neno lake haliwezi kuwa kweli. Kwa hiyo neno lake ni uwongo. Hapo wengi huruka na kusema, "Basi Wakrete wote ni wasema kweli." La! Kinyume cha "wote ni waongo" ni "yuko angalau mmoja aliyewahi kusema kweli." Hakuna zaidi ya hapo.

Mkulima asidhani kwamba hayo ni mambo ya Krete tu. Mtu akikuletea magunia 40 ya mahindi, akasema, "Yote ni makavu," huna haja ya kuyakuta yote yana maji ndipo umkatae. Gunia moja bichi latosha kuliangusha neno lake. Na wewe ukiyapeleka katika Bodi ya Nafaka, ambayo hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, usilalamike ukiambiwa kwamba gunia moja limekuharibia. Ulisema "yote", na neno "yote" huangushwa na moja. Lakini mnunuzi naye asiruke mpaka. Gunia moja bichi halimpi haki ya kusema kwamba yote ni mabichi, akayashusha bei mzigo mzima. Ayapime mengine.

Sasa twafika penye jambo zito zaidi. Katika mafumbo, mwongo ni mtu wa kutegemewa: husema uwongo kila mara, kwa hiyo maneno yake ukiyageuza hupata kweli. Duniani mwongo wa namna hiyo hayuko. Mwongo wa duniani husema kweli mara tisa, ili apate kusadikiwa mara ya kumi. Hata wataalamu wamelikiri jambo hili. Mwaka 1996 mtaalamu wa mantiki, George Boolos, alichapisha fumbo aliloliita gumu kuliko yote, akisema kwamba mwenye kulibuni ni Smullyan. Ndani yake wamo watatu: msema kweli, mwongo, na wa tatu ambaye hujibu ovyo kama mtu arushaye sarafu. Na kazi ya kwanza katika kulifungua ni kumpata mmoja ambaye kwa hakika si yule wa tatu, ili maswali yaliyobaki aulizwe yeye. Kwa mjibu ovyo hakuna swali lisaidialo, hata uliulize kwa ufundi gani.

Tazameni mbegu za mahindi. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara iitwayo H611 ilitolewa kwa wakulima wa nyanda za juu. Tangu hapo mbegu chotara zimeleta mavuno makubwa. Na penye asali hawakosi nzi. Watu wabaya huchukua mahindi ya kawaida, wakayatia rangi, wakayafunga katika mifuko iliyoigwa. Mkulima wa Trans Nzoia hupanda mahindi yake mara moja kwa mwaka, Machi au Aprili, akavuna kuanzia Oktoba. Akidanganywa siku moja dukani, amepoteza mwaka mzima, na karo ya watoto pamoja.

Sasa swali letu: mfuko wa halali husema nini? Husema, "Mimi ni mbegu halisi." Na mfuko wa kughushi je? Nao husema, "Mimi ni mbegu halisi." Hao ndio abiria wetu wa garini! Jina, picha, rangi na maneno ya mwenye duka ni maneno ambayo mwongo naye aweza kuyasema. Kwa hiyo mkulima asiyapime kuwa ushahidi. Atafute lile ambalo mwongo hawezi kulisema kwa urahisi. Ndiyo sababu ya ile lebo ya shirika la KEPHIS, likaguzi la afya ya mimea, yenye namba iliyofunikwa. Mnunuzi huikwangua, akaituma namba hiyo kwa simu, akaletewa maelezo ya mbegu, naye huyalinganisha na yaliyochapwa mfukoni. Hapo hakuuliza mfuko juu ya mfuko wenyewe. Ameuliza mahali pengine, na jibu limekuja kwa njia nyingine. Tena afanye hivyo kabla ya kuondoka dukani, wala asitupe risiti wala mfuko mpaka mahindi yaote, ili akidhulumiwa awe na kitu cha kuonyesha.

Na karani vivyo hivyo. Mashahidi wawili wakija mbele yako, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye mkweli, usiandike ukurasa mzima wa viapo vyao. Viapo ni sawa kwa sawa. Uliza juu ya jambo ambalo laweza kupimwa: siku gani, mbele ya nani, mpaka ulipita wapi. Kuuliza si ujinga, na njia ya mwongo ni fupi.

Haya, fumbo la juma hili. Wafanyabiashara watatu wameketi sokoni Bungoma, kila mmoja na mahindi yake. Kila mmoja ni msema kweli au ni mwongo, kwa sheria ile ile. Wa kwanza asema, "Wa pili ni mwongo." Wa pili asema, "Wa tatu ni mwongo." Wa tatu asema, "Hao wawili wote ni waongo." Wewe wataka kununua kwa msema kweli tu. Utanunua kwa nani?

Anzeni kwa kumdhania wa kwanza kuwa msema kweli, mfuate maneno mpaka mwisho, mwone kama yatagongana. Jibu na sababu zake tutaliandika juma lijalo, Mungu akipenda. Lakini jibu bila sababu hatutalihesabu, kwa kuwa hata mjibu ovyo mara nyingine hupatia.